Mgao wa Upupu

1

Dawa ya asubuhi ilikuja kidogo tena. Feruzi Mihambo aliijua kwa vidole vya miguu kabla hajaijua kwa akili: vilijikunja ndani ya ndara vikakataa kukunjuka, naye akabaki ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja wa shati ameuvaa, wa pili unaning'inia mgongoni. Akautafuta ule wa pili kwa bega. Ukampita. Akapumzika kidogo, kisha akajaribu tena.

Kiunoni mwake alikuwa amenasa kupe. Ndivyo watu wa Tabora walivyokiita kile kidude cha ukubwa wa kiberiti, kinachoshika ngozi bila kuuma na kudondosha dawa ya kutetemeka tone kwa tone. Kilikuwa na jina refu la serikali, lakini nani ana muda wa jina refu? Kupe wa ng'ombe hunyonya. Huyu alitakiwa kutoa. Siku hizi, kwa Feruzi, alitoa kama mchoyo aliyeombwa chumvi.

"Hodi humu ndani," ilisema sauti ya kike mlangoni.

"Karibu, mwanangu."

Alidhani amesema kwa nguvu. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha tatu. Ugonjwa ulikuwa umeila nayo.

Aliingia Sista Agripina, muuguzi wa zahanati ya kata, ambaye kila Jumatatu alizunguka mtaa wa Relini kubadilisha vichupa vya dawa kwenye viuno vya wagonjwa wake. Alimpa shikamoo, akaitikiwa, kisha bila kuuliza akamvalisha ule mkono wa pili wa shati na kumfunga vifungo. Feruzi alitazama ukutani mpaka alipomaliza.

"Umepunguziwa tena, mzee."

"Nimeona. Kwa nini?"

Sista Agripina alikuwa na tabia njema ya kutowadanganya wagonjwa, na tabia mbaya ya kuhema kabla ya kuwaambia ukweli. Alihema. "Kupe anasikiliza, mzee, unajua. Anasikia unatembea kiasi gani, mikono inashika nini, unaongea na nani. Mwenye kutembea na kuongea na watu, Mgao unasema dawa yake inafanya kazi, aongezwe. Aliyekaa kimya siku nzima, unasema dawa yake inalala bure."

"Nimekaa kwa sababu sina dawa."

"Najua."

"Na sina dawa kwa sababu nimekaa."

"Ndiyo, mzee."

"Aliyetunga hesabu hiyo alikuwa na mama?"

Sista alicheka kidogo, akainama kubadilisha kichupa.

Hesabu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Zamani, enzi za madaktari kuandika dawa kwa mkono wao, kila mmoja alikuwa na imani yake kuhusu ugonjwa wa kutetemeka. Wapo waliomnyima mgonjwa dopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, miaka ya mwanzo, wakiogopa itaisha nguvu kabla ya mgonjwa mwenyewe. Wapo waliopenda vidonge vya aina nyingine, vile vilivyowageuza wazee watulivu wakawa wacheza kamari, mke anaamka asubuhi anakuta ng'ombe wameuzwa. Kisha upepo ukageuka, wote wakarudi kwenye dopa. Mtu angeweza kuhama wilaya moja kwenda nyingine akajikuta amehamia na ugonjwa mwingine. Halafu dawa kutoka nje zikakoma kuja, na nchi ikakumbuka upupu.

Ndiyo, upupu huuhuu wa kuwasha, ambao kila aliyekaa darasani aliwahi kumwagiwa kwenye dawati, au aliwahi kumwaga na kukana. Mbegu zake zina dopa. Mashamba yakalimwa kuanzia Sikonge hadi Urambo, kiwanda kikajengwa, na Tabora ikawa mji wa watu wanaojikuna kwa ajili ya afya ya taifa. Lakini upupu ni zao, na zao hungoja mvua. Kila kata ilipewa fungu lake la msimu, na ndani ya fungu hilo ikagawa mashine moja tu, Mgao, iliyokuwa ikisoma viuno vya nchi nzima na kuandika kila alfajiri nani apate kiasi gani. Ukiongeza huku, umepunguza kule. Madaktari hawakuandika tena. Walisoma kilichoandikwa.

Sista alipoondoka nyumba ilirudi kunyamaza. Feruzi alikuwa kinyozi. Kwa miaka mingi alikuwa hajui kimya kinafanana na nini, maana duka lake lilikuwa limejaa tangu linafunguliwa mpaka linafungwa, na nusu ya waliokaa kwenye benchi hawakuja kunyolewa. Mikono ilipoanza kutetemeka, hakuna aliyemwambia neno. Watu wa Relini walimpenda, hilo lieleweke. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuukataa wembe wake mbele ya watu, basi wakaanza kunyolewa kwingine, na kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asione vichwa vyao vimetengenezwa na mtu mwingine. Walipokutana naye waliangalia pembeni asijue wameona mkono unavyocheza. Wakaacha kupita kwake wasije wakamkuta ute unamtoka mdomoni akaona aibu. Walimsitiri. Walimsitiri mpaka akabaki peke yake.

Wote hao aliwasamehe. Mmoja hakumsamehe, na huyo alikuwa Kondo.

Kondo alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli, akastaafu, akakataa kurudi Pwani, akajenga ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na wa Feruzi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana ruhusa ya kukuonea haya. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Akifiwa, unakwenda kumharibia msiba, unazuia jeneza, unasema maneno ambayo ndugu wa marehemu wameyameza, na usipokwenda ndipo wanakasirika. Ulimwengu mzima ungeweza kumstahi Feruzi na ule mkono wake. Kondo alitakiwa aje aucheke. Naye alikuwa ameacha kuja, msimu uleule kama wengine, bila hata tusi la kuaga.

2

Kioo cha duka kilikuwa sebuleni, kimeegemezwa ukutani mkabala na dirisha la barabarani. Kilikuwa kioo cha kisasa cha vinyozi: mteja akikaa, kilimwonyesha atakavyokuwa kabla mkasi haujamgusa. Ili kuvijua vichwa vya mtaa, kilihifadhi kila siku kilichokiona na kukisikia. Duka lilipofungwa, Feruzi alikileta nyumbani kwa kuwa hakujua akitupe wapi.

Mchana mmoja, upweke ulimzidi kiasi kwamba alitaka kusikia hata watu wanagombana.

"Kioo," alisema. Kioo hakikusikia. Akavuta pumzi, akaita tena, na mara ya tatu kikawaka. "Nifungulie siku ya duka. Yoyote yenye watu."

Benchi likajaa. Walikuwepo wote, wengine wamekufa na wengine wamehama, wakibishana juu ya mpira. Katikati ya kioo alisimama yeye mwenyewe, mwembamba, mkono umetulia juu ya shingo ya mtu. Mlango ukasukumwa, akaingia Kondo na kipara chake.

"Mnyamwezi, acha kudanganya watu. Ninyoe nina safari."

Feruzi wa kwenye kioo alifungua kinywa, na Feruzi wa kwenye kiti, bila kukusudia, akamuwahi. "Nikunyoe nini, Mzaramo? Hapo juu hakuna shamba, ni uwanja wa mpira."

Benchi likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha zamani, lakini kilianguka palepale kilipohitajika.

"Ndiyo maana babu zenu waliishia kubeba mizigo ya watu," Kondo akasema. "Vichwa imara, ndani hamna kitu."

"Na babu zenu walikuwa wapi? Wanacheza mdundiko. Mzigo unapita, wao wanacheza."

Hivyo ndivyo walivyoendelea, Feruzi akijibu kila mtu kama mwenye duka. Halafu ikasikika sauti nyingine, kutoka upande ambao kioo hakikuuona vizuri, sauti ya mwanamke mwenye haraka.

"Kinyozi, njoo ule, wali unapoa. Na hawa nao, hawana kwao?"

Mwanahawa. Alikuwa amezikwa miaka mitatu iliyopita. Feruzi alishika mkono wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Nakuja, mke wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sauti yake ilitoka nzima.

Kesho yake alifungua siku nyingine, na keshokutwa nyingine. Mgao hautazami siku moja. Hutazama mwelekeo, kama mkulima asiyepanda kwa manyunyu ya kwanza. Lakini baada ya wiki mbili za maongezi asubuhi na jioni, kupe alianza kulegeza mkono. Feruzi aliamka vidole vya miguu vimenyooka. Alivaa shati lote. Alikwenda jikoni akachemsha chai, akaimimina kikombeni, na chai ikaingia kikombeni. Alisimama pale akilia na birika mkononi, mzee mzima, kwa ajili ya kikombe cha chai.

3

"Nyumba imejaa siku hizi," Sista Agripina alisema Jumatatu iliyofuata, akipokea kikombe alichomiminiwa na mgonjwa wake mwenyewe. "Juzi nilitaka kupita nikujulie hali, nikasikia vicheko dirishani, nikasema nisiwakatize wageni. Mtaa mzima unafurahi. Wanasema Mzee Feruzi kapata watu, sasa hata hatuna wasiwasi naye."

Feruzi alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Hii nyongeza," alisema, "inatoka wapi?"

"Kwenye fungu la kata. Si unajua, halikui mpaka mavuno."

"Kwa hiyo kuna mtu anapungukiwa."

Alihema. "Yupo mmoja mstari wake unashuka. Mtu mzima kama wewe, haongei na mtu. Na sasa ameanza kusikia visivyokuwepo, sauti za waliokufa. Hiyo ni dalili kwamba dawa imezidi kichwani, ilibidi niiripoti, na Mgao ukampunguza zaidi. Mimi sielewi dawa inawezaje kumzidi mtu anayepewa kidogo hivyo, lakini nikiona nisiporipoti, nafukuzwa kazi." Akanyanyuka. "Usiniulize jina, siruhusiwi."

Hakuuliza. Tuseme ukweli, hakutaka kuambiwa. Mtu asiye na jina huweza kuwekwa mbali, kule mwisho wa kata, karibu na maghala, ambako Feruzi hakuwa na sababu ya kwenda.

Siku ile hakufungua kioo. Alikaa akisikiliza kupe. Alijiambia kwamba hajaiba, amezungumza tu ndani ya nyumba yake, na kuna sheria gani inayomkataza mtu kuzungumza na mkewe? Alijiambia kwamba mwizi ni Mgao. Alijiambia kwamba yule mwingine naye angeweza kutafuta hila yake. Zote zilikuwa hoja nzuri, na kila alipomaliza moja alihitaji nyingine. Jioni, kimya kilipokuwa kizito kiasi cha kusikia maji yanavyotembea kwenye bomba, hakuwaza tena dawa. Alimkumbuka Mwanahawa, basi. Akakiita kioo, kikamsikia mara ya kwanza.

4

Alhamisi, Shomari alikuja akapiga hodi. Shomari alikuwa mtoto wa dada yake Kondo, kijana wa makamo aliyeishi na mjomba wake na kufanya kazi zamu ndefu kiwandani kwenye upupu. Alisimama kizingitini akijikuna shingo.

"Shikamoo, mzee. Mjomba anaomba uje umnyoe ndevu. Nimemwambia nitamnyoa mimi, hataki. Anasema mikono yangu ina upupu."

"Marahaba. Mjomba wako ana miguu. Kwa nini asije?"

Shomari alitazama chini. "Njoo tu, mzee."

Feruzi alichukua wembe, brashi na taulo. Alivuka barabara kwa hatua nzuri, akiandaa matusi yake njiani. Alikuwa na ya msimu mzima. Yote yalimkauka mdomoni mlangoni. Kondo alikuwa kwenye kiti, ameinama upande kama kitu kilichowekwa vibaya. Uso wake haukusogea. Mkono wa kulia ulikuwa ukisugua kidole gumba na shahada, ukisugua, ukisugua, mwendo ambao Feruzi aliujua kutoka ndani. Chini ya fulana yake kulikuwa na kivimbe cha ukubwa wa kiberiti.

"Umechelewa," Kondo alisema. Ilimchukua muda. "Wapagazi siku hizi wanatembea polepole."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe."

Feruzi alivuta kigoda. Alipaka povu, akaanza chini ya sikio. Wembe ulisikika ukipita.

"Hukuniambia," Feruzi alisema.

"Nikuambie nini? Nilikuona wewe umeanza, nikasema nitakwenda nimcheke huyu Mnyamwezi mpaka apone. Nikavaa kanzu. Nikashindwa kufunga kifungo." Kondo alipumzika. "Sasa ningekucheka kwa mdomo gani? Nikaogopa ungenicheka wewe."

"Ningekucheka kweli."

"Najua."

Wembe ulizunguka kidevu. Mkono wa Feruzi haukucheza. Ulikuwa mkono wa zamani, ule wa kwenye kioo, na Kondo aliukodolea macho.

"Baadaye nikasema nitakwenda hivyohivyo," Kondo aliendelea. "Lakini kwako kukajaa. Nakaa hapa nasikia mnacheka, benchi zima. Nikasema kumbe ana watu wake, mimi nikaingie na ute huu niwamwagie wageni wa mtu? Nikangoja siku utakayokuwa peke yako. Haikuja."

Feruzi alifuta wembe kwenye taulo, ingawa ulikuwa safi.

"Halafu dawa ikanipanda kichwani. Nikaanza kumsikia Mwanahawa." Kondo alisema hili kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayetaja kosa. "Kila jioni. Anaita watu chakula. Nikamwambia yule muuguzi, maana uongo sijui. Wakanipunguzia. Nimepunguziwa na bado namsikia, mtani. Hata juzi. Naona akili ndiyo inaaga."

Sasa hapa, msomaji, ndipo palipokuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilihitajika: umesikia kweli. Kondo angemwambia Sista, Sista angefuta ile ripoti, dawa ingevuka barabara na kurudi nyumbani kwake. Feruzi alilijua neno, lilikuwa limekaa ulimini. Akaona jinsi Kondo angemtazama. Akasikia mtaa mzima, na kizazi kitakachofuata, kikisimulia kisa cha Mnyamwezi aliyezungumza na kioo ili aibe dawa ya mtani wake. Akaona na asubuhi yake mwenyewe, mkono wa pili wa shati ukining'inia.

"Uzee huo," alisema. "Utapita."

"Unadhani?"

"Kesho nitakuja tukae. Nitakutukana vizuri, leo sikujiandaa."

Alimkausha uso. Chini ya povu alikuwa Kondo yuleyule, amekonda. Shomari alitaka kumpa kitu cha mkono, Feruzi akakataa, akatoka haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

5

Aliporudi aligeuza kioo, uso ukatazama ukuta. Hilo alilifanya, na tumhesabie. Aliamua kwamba Jumatatu atamweleza Sista Agripina kila kitu, na kwamba kwa Kondo hatakwenda mpaka jambo liwe limetengenezwa, ili amwendee na habari njema badala ya aibu tupu. Ijumaa ikapita hakuvuka barabara. Nyumba ilikuwa kimya na yeye alikuwa mzima, maana Mgao ulikuwa bado unasoma wiki zilizopita. Alitembea chumba hadi chumba akiwa na miguu ambayo hakuwa na pa kuipeleka.

Jumamosi asubuhi alisikia Shomari akilia.

Uji ulikuwa umempalia Kondo. Koo lilikuwa limekakamaa kama mwili wote, na Shomari alikuwa ndiyo kwanza anavua uani magunia anayovaa kazini kujikinga na upupu. Aliporudi ndani ilikuwa imekwisha. Hivyo tu. Watu wa Relini, ambao walikuwa wamemsitiri Kondo kama walivyomsitiri Feruzi, walijaa uani kwake kufikia saa nne, na benchi zikaletwa kutoka kila nyumba.

Feruzi alikaa kwake mpaka walipomfuata. Walikuja wanaume watatu wa mtaa, wale wa kuangalia pembeni, na safari hii walimtazama usoni.

"Mzee, maiti anataka kutoka," mmoja alisema. "Hatuwezi kumzika bila mtani wake. Wewe ndiye Mnyamwezi wake."

Akaenda. Njia nzima kwenda makaburini watu walimpisha, wakimngojea aanze. Alipaswa kuzuia jeneza pale njia panda, hakulizuia. Alipaswa kuvaa kofia ya marehemu kinyume, hakuivaa. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba ugonjwa umemwishia mdomoni. Walifika, shekhe akasogea, wachimbaji wakatoka shimoni wakijipangusa udongo. Hapo Feruzi Mihambo alipita katikati yao, akateremka kaburini kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa mkono, na akalala chali.

Kicheko cha kwanza kikapasuka. Ahueni iliwashukia waombolezaji wote. Mtani amefika.

"Toka humo, Mnyamwezi," mtu alipaza sauti. "Si nyumba yako hiyo."

"Ni yangu," Feruzi alisema kutoka chini. Sauti ilitoka nzima, wote walimsikia. "Ni mimi nilitakiwa kuwa humu. Dawa yake nimeinywa mimi."

Wakacheka. Mzee mmoja alishika fimbo yake kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Sikilizeni. Hizo sauti za wageni mlizokuwa mnasikia kwangu, hakukuwa na mtu. Kilikuwa kioo cha duka. Nilikifungulia ili kupe anisikie, nipewe fungu lake huyu."

"Mnyamwezi kaongea na kioo," mtu akasema, na kicheko kikapokelewa nyuma, wale wa mbali wakiuliza amesemaje na kuambiwa.

"Alimsikia mke wangu. Alimsikia kweli. Alisema akili inamuaga, wakampunguzia dawa, na mimi nikiwa nimekaa mbele yake namnyoa nikanyamaza. Nimemuua mimi. Nawaambia nimemuua mimi."

"Ndiyo, mpagazi, na mzigo utaubeba wewe," wakamjibu kwa pamoja, maana ndivyo mtani anavyojibiwa. Mtu akarusha noti ya kulikomboa kaburi, kama desturi ilivyo. Ikamwangukia kifuani.

"Sitaki pesa," Feruzi alisema.

Hapo hata shekhe alishindwa kuzuia kicheko, akageuza uso. "Mnyamwezi kakataa pesa," walisema, wakigongana mabega. "Leo kweli msiba mzito." Feruzi aliwatazama kutoka chini, nyuso zote zimeinamia shimo, nyuso alizozinyoa miaka yote ile, na hakukuwa na hata moja iliyomuamini. Alitamani mmoja akasirike. Alitamani mtu ambaye angejua kwamba huu si utani, na katika mtaa wote mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja, amelala jenezani akingoja nafasi.

Shomari alipiga magoti ukingoni. Macho yalikuwa mekundu kwa kilio cha asubuhi na sasa yalikuwa yamelowa kwa kicheko.

"Inatosha, mzee. Asante. Mjomba angefurahi sana," alisema, na kumnyooshea mikono yote miwili.

Feruzi aliishika. Shomari alijiandaa kuvuta uzito wa mgonjwa, lakini hapakuwa na haja. Mzee alipanda mwenyewe, hatua kwa hatua kwenye udongo mbichi, na miguu yake haikutetemeka hata kidogo.